Askari wakongwe wa Muungano, 1864: kwa nini walijiandikisha upya katika vita walivyokuwa wamevichoka?

Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu wote. Naomba tujadili kwa utulivu jambo moja la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), ambalo kila nikilirudia naona bado halijanikaa sawasawa. Wazee wetu wa Unguja na mwambao walivihisi vita hivyo kwa kuadimika kwa nguo, maana ile merekani iliyoletwa na merikebu za Salem, Massachusetts, ilikuwa ya pamba, na pamba ilikatika. Mimi lakini sitaki kuzungumzia biashara wala majenerali. Nataka kuzungumzia askari wa kawaida wa upande wa Muungano (yaani Kaskazini, dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga), hasa wale wa Jeshi la Potomac, jeshi lake kuu la huko Virginia, waliojiunga mwaka 1861 kwa mkataba wa miaka 3 na ambao, kufikia majira ya baridi ya 1863–64, walikuwa wamebakiza miezi michache tu warudi makwao.

Watu hawa walikuwa wameona mengi. Walikuwa na msemo wao: mtu aliyekwisha kuingia katika mapigano kwa mara ya kwanza, walisema amemwona tembo. Hawa walikuwa wamemwona katika mapigano ya Antietam, wakamwona tena Fredericksburg, Chancellorsville na Gettysburg. Rejimenti iliyotoka kwao na watu 1,000 ilikuwa mara nyingi imebaki na 300 au pungufu, na wengi kati ya waliopungua hawakuuawa na risasi bali na kuhara, homa ya matumbo na surua. Kwa hesabu ya vita vyote, Muungano ulipoteza watu wapatao 360,000, na takriban theluthi mbili yao waliondoka kwa maradhi. Kwa hiyo, anayesema hawakujua walichokuwa wanakirudia anawakosea.

Serikali ilijua kwamba mikataba ikiisha katika miezi ya katikati ya 1864, jeshi litavunjika mikononi mwake. Wizara ya Vita ikatoa Amri ya Jumla namba 191 ya Juni 25, 1863, iliyomwahidi kila mkongwe atakayeapa upya kitita cha dola 402, likizo ya siku 30 nyumbani, na utepe wa kushonwa kwenye mkono wa koti ili ajulikane kuwa ni askari wa kujitolea mkongwe. Na kama robo tatu ya waliosalia katika rejimenti wangekubali, rejimenti hiyo ingebaki na namba yake na bendera yake, na wote wangekwenda likizo kwa pamoja.

Takriban wakongwe 136,000 katika majeshi yote ya Muungano walikubali. Katika Jeshi la Potomac, lililoumia kuliko mengine, walikubali zaidi ya 26,000. Wengine kiasi cha 100,000 walikataa na wakarudi kwao, na sitaki mtu awaite waoga katika uzi huu.

Swali langu ni hili: kwa nini mtu aliyevijua vita kuliko yeyote, na ambaye barua zake zinaonyesha kuwa hakuwa na hamu navyo tena, aliweka saini kuendelea?

Mchangiaji wa pili

Mkuu, naona unalifanya jambo kuwa gumu kuliko lilivyo. Askari wa kawaida alikuwa akilipwa dola 13 kwa mwezi. Dola 402 ni mshahara wa karibu miezi 31. Mwana wa mkulima wa Ohio au mfanyakazi wa kiwanda cha Massachusetts angeipata wapi fedha hiyo kwa mkupuo? Juu yake kulikuwa na malipo ya jimbo na ya mji wake. Tuseme ukweli: walinunuliwa.

Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa hoja hiyo, kwa sababu fedha haziwezi kupuuzwa, na mtu mwenye mke na watoto nyumbani alikuwa na haki ya kuzifikiria. Hata hivyo, naomba uangalie mambo mawili. La kwanza ni kwamba kitita kile hakikutolewa kwa mkupuo. Kililipwa kwa mafungu, na aliyekufa njiani hakuyaona mengi yake. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni kwamba mkongwe aliyetaka fedha tu alikuwa na njia bora: angesubiri mkataba uishe, arudi kwao, kisha auze jina lake kama askari mbadala wa tajiri aliyechaguliwa katika kura ya uandikishaji. Sheria ya Machi 3, 1863 iliruhusu aliyechaguliwa kutoa mbadala au kulipa dola 300 asiende. Katika baadhi ya miji, malipo yote yakijumlishwa, mtu mpya alipata zaidi ya dola 1,000. Wakongwe walizijua bei hizo vizuri sana, na walizungumza juu yake kwa uchungu.

Nadhani kilichowavuta zaidi ya fedha ni zile siku 30. Hebu mfikirie mtu aliyelala kwenye kibanda cha magogo pale Brandy Station, Virginia, paa lake ni turubai na bomba la moshi limejengwa kwa fito na udongo, hajamwona mama yake kwa miaka miwili na nusu, kisha anaambiwa: weka saini leo, wiki ijayo uko kwenu. Wapo waliosema waziwazi kwamba wangeapa miaka mingine 10 kwa ajili ya mwezi huo mmoja.

Halafu kuna lile sharti la robo tatu, ambalo aliyelitunga aliwaelewa askari kuliko majenerali wengi walivyowaelewa. Majimbo mengi hayakuwa na desturi ya kujaza rejimenti za zamani. Yalipenda kuunda mpya, ili magavana wapate vyeo vya kuwagawia watu wao. Wisconsin ilisifiwa na wakongwe kwa sababu ilipeleka watu wapya katika rejimenti zake za zamani. Kwingine rejimenti kongwe ilipungua tu hadi ikavunjwa na mabaki yake kutupwa katika rejimenti ya watu wasiowajua. Robo tatu wakikubali, hilo halitokei. Namba ile, ambayo marafiki zao walizikwa chini yake, inabaki, na bendera iliyoandikwa majina ya mapambano yao inabaki. Kwa hiyo mtu alikuwa anaulizwa kama yuko tayari kuwa yeye ndiye aliyepunguza hesabu hadi rejimenti ikafa, huku akitazamwa na wenzake wa kombania moja.

Kuna kitu kimoja kidogo kinachonieleza haya kuliko hotuba zote. Kila askari alibeba nusu ya hema: kipande kimoja cha turubai chenye vifungo na vitundu pembezoni. Wawili walifunganisha vipande vyao, wakaweka fito mbili, ikawa hema moja la kutambaa. Mtu hakuwa na nyumba peke yake. Alikuwa na nusu, na nusu nyingine ilikuwa mgongoni mwa mwenzake. Mwenzake akiuawa mchana, jioni huyu aliyebaki anatoa kipande chake begani na hana cha kukifungia. Ataenda kutafuta mtu mwingine aliyefiwa kama yeye. Ukiishi hivyo miaka mitatu, hesabu ya dola 402 hubadilika kidogo.

Mchangiaji wa tatu

Nimefuatilia kwa makini. Lakini mkuu, hawa waliojiandikisha upya walikuwa bado askari wale wale? Nimewahi kusoma kwamba mwezi Juni 1864 wakongwe wa Jeshi la Potomac waliamriwa kushambulia na hawakunyanyuka. Kama walikubali kuendelea na vita, mbona walikataa kupigana?

Mwanzisha uzi

Hili ndilo nililotaka tulifikie, na naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu.

Tuanze Novemba 1863, mahali paitwapo Mine Run, Virginia. Jeshi la Kusini lilikuwa limechimba mahandaki nyuma ya kijito, kwenye mwinuko, na Jenerali Gouverneur Warren alipewa jukumu la kushambulia upande mmoja asubuhi ya Novemba 30. Usiku ule ulikuwa wa baridi kali, na mioto haikuruhusiwa kuwashwa mbele ya adui. Kulipopambazuka, askari waliokuwa wamelala mstari wa mbele waliuona mteremko, wakayaona magogo na udongo uliorundikwa usiku kucha, wakajua. Hawakulalamika wala hawakukimbia. Walichukua vipande vya karatasi, wakaandika majina yao na rejimenti zao, wakavibandika kwenye makoti kwa pini, ili watakaowazika wasiwaandike kama wasiojulikana. Warren naye aliutazama mstari ule wa adui asubuhi hiyo, akaamua kuwa shambulio haliwezekani, na Jenerali Meade, mkuu wa Jeshi la Potomac, baada ya kufika na kujionea, alikubali. Jeshi likarudi ng'ambo ya mto Rapidan.

Ninavyoelewa mimi, askari wale walikuwa wamepata ujuzi ambao haufundishwi katika mazoezi ya gwaride. Walikuwa na uwezo wa kulitazama handaki kwa dakika chache na kusema kama linachukulika au halichukuliki, na mara nyingi walikuwa sahihi kuliko aliyekaa na ramani maili tatu nyuma. Mwaka 1861 askari alisimama wima shambani kwa sababu kulala chini kulionekana aibu. Mkongwe wa 1864, akisimamishwa mahali kwa nusu saa, alianza kuchimba bila kuamriwa, kwa singe, kwa sahani ya bati, kwa kikombe chake cha kahawa.

Mei 1864 Jenerali Grant, sasa mkuu wa majeshi yote ya Muungano, alivusha jeshi kuingia msitu wa Wilderness. Sehemu ya jeshi ililala usiku wa Mei 4 kwenye uwanja wa Chancellorsville, mahali walipopigana mwaka mmoja kabla, na mvua ilikuwa imefukua makaburi ya kina kifupi. Mafuvu yalikuwa yamezagaa kati ya majani makavu. Wakongwe walikaa wakipika kahawa karibu na mifupa ya watu waliowafahamu, na makuruta wakawa wanawasikiliza. Kwa siku mbili zilizofuata walipigana katika msitu ule, majani yakashika moto, na majeruhi wasioweza kutambaa wakaungua mahali walipoangukia. Muungano ulipoteza karibu watu 18,000 kwa waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa.

Usiku wa Mei 7 jeshi liliondoka. Kila mkongwe alijua kinachofuata, kwa sababu ndicho kilichofuata kila mara: wamepigwa, sasa wanarudi kaskazini kuvuka mto. Lakini walipofika njia panda, vikosi vya mbele viligeukia kusini. Habari ikasafiri kwenye mistari gizani, na watu waliochoka hivyo, waliotoka kuwazika wenzao, wakaanza kushangilia hadi maofisa wakalazimika kuwanyamazisha ili adui asisikie. Niseme wazi kwamba sijui tukio jingine katika vita vile linaloonyesha mioyo yao vizuri zaidi. Walikuwa wanashangilia kuelekea kwenye mapigano, na walijua hivyo, kwa sababu kilichowatesa kwa miaka mitatu kilikuwa kufa kisha kurudi mahali walipoanzia.

Sasa ndipo tunafika Juni. Huko Cold Harbor, Juni 3, waliamriwa kushambulia mahandaki yaliyochimbwa vizuri, na maelfu wakaanguka ndani ya muda mfupi sana. Amri ya kurudia shambulio ilipokuja, mistari haikusogea. Watu walibaki wamelala, wakaongeza kufyatua risasi kutoka pale pale walipokuwa. Grant mwenyewe aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba alijuta kila mara kuhusu shambulio la mwisho la Cold Harbor. Askari walikuwa wameshatoa hukumu hiyo siku ile ile, wakiwa wamelaza mashavu kwenye udongo.

Na Petersburg, mji wa Virginia, Juni 18: wakongwe waliokuwa mbele walikataa kunyanyuka. Nyuma yao ikaja Rejimenti ya Kwanza ya Mizinga Mizito ya Maine, iliyokuwa imetumikia katika ngome za Washington na kugeuzwa kuwa ya watembea kwa miguu, ikiwa na mwezi mmoja tu katika uwanja wa mapambano. Wakongwe waliwapigia kelele walale chini, kwamba ngome zile hazichukuliki. Hawakusikiliza, au pengine waliona haya kusikiliza. Walitoka watu wapatao 900. Ndani ya dakika chache walianguka 632, na hakuna rejimenti nyingine ya Muungano iliyopoteza watu wengi kiasi hicho katika pambano moja.

Kwa hiyo, ndugu mchangiaji, jibu langu ni kwamba walikuwa askari wale wale, na bora zaidi. Walikataa mashambulio fulani. Vita vyenyewe hawakuvikataa. Wale wale walioganda Juni 18 walikaa katika mahandaki ya Petersburg zaidi ya miezi 9, katika matope, na Aprili 2, 1865 jeshi lao ndilo lililovunja mstari ule.

Mchangiaji wa pili

Nimekuelewa, na hoja yangu ya kununuliwa naipunguza. Lakini je, waliwachukuliaje waliokuja baadaye? Nao si walikuwa binadamu?

Mwanzisha uzi

Walikuwa wakali, na wakati mwingine wakali kupita haki. Waliokuja kwa kura au kwa kitita kikubwa waliletwa kwa treni na meli wakilindwa kama wafungwa, kwa sababu kulikuwa na watu waliofanya kazi ya kuapa mji mmoja, kupokea fedha, kutoroka na kuapa mji mwingine. Mkongwe hakutaka mtu kama huyo awe lindoni usiku yeye amelala. Agosti 29, 1863, askari mbadala watano wa rejimenti ya 118 ya Pennsylvania waliotoroka walipigwa risasi mbele ya kikosi kizima cha jeshi, na waliotazama hawakuonyesha huruma nyingi. Lakini makuruta waliokuja kwa nia njema walipokewa upesi mara tu walipoonekana wanasimama. Waliambiwa watupe begi zito, wakunje blanketi na kulivaa begani, wabebe sukari na kahawa pamoja kwenye mfuko mmoja, na wasiwahi kunywa maji ya bwawa bila kuyachemsha kwa kahawa.

Hasira kubwa zaidi ilikuwa kwa watu wa nyumbani waliosema vita vimeshindwa. Cha ajabu ni kwamba hasira hiyo haikuwafikia adui zao. Lindoni kando ya mto Rappahannock, wakongwe wa pande zote mbili walikubaliana kutofyatuliana, wakatengeneza mashua ndogo zenye tanga la karatasi, upande mmoja ukapeleka kahawa na mwingine ukarudisha tumbaku.

Mchangiaji wa nne

Naomba niongeze jambo ambalo naona linapitwa: askari weusi, ambao kufikia mwisho wa vita walikuwa takriban 180,000. Wakongwe wengi wazungu wa 1861 walisema wanapigania Muungano tu, na walipinga tangazo la Rais Lincoln la ukombozi wa watumwa, la Januari 1, 1863, kwa maneno mabaya sana. Serikali nayo iliwalipa askari weusi dola 10, na ikakata 3 za nguo. Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, iliyopigana Fort Wagner Julai 18, 1863, ilikataa kupokea mshahara huo pungufu kwa takriban miezi 18, familia zao zikitaabika, hadi Bunge liliporekebisha sheria mwaka 1864. Hawa nao walikuwa wakongwe, na uvumilivu wao ulikuwa na mzigo wa ziada ambao mzungu hakuubeba.

Mwanzisha uzi

Umesema kweli, na nilistahili kulitaja mwenyewe. Mabadiliko yalikuja, ingawa si kwa wote na si kwa kiwango kimoja. Juni 15, 1864 divisheni ya askari weusi iliteka sehemu ya ngome za Petersburg pamoja na mizinga, na wakongwe wa Jeshi la Potomac waliofika usiku ule waliiona kwa macho yao. Mkongwe alikuwa mgumu wa kushawishiwa kwa maneno, lakini handaki lililochukuliwa aliliheshimu, yeyote aliyelichukua. Hata hivyo, wapo waliokwenda makwao mwaka 1865 na chuki ile ile waliyokuja nayo.

Nimalizie na uchaguzi wa Novemba 8, 1864, kwa sababu hapo jibu la swali langu la mwanzo linaonekana karibu kwa tarakimu. Aliyeshindana na Lincoln alikuwa George McClellan, jenerali aliyelijenga Jeshi la Potomac, aliyewajali askari wake hadi wakamlilia alipoondolewa mwaka 1862. Wengi walikuwa bado wanampenda. Lakini chama chake kilikuwa kimetamka huko Chicago, mwezi Agosti, kwamba vita vimeshindwa na mapigano yasimamishwe. McClellan mwenyewe aliikana sehemu hiyo, haikumsaidia. Katika kura za askari zilizohesabiwa peke yake, Lincoln alipata takriban asilimia 78, wakati katika nchi nzima alipata kama 55. Walimpigia kura mtu ambaye ushindi wake ulimaanisha wao wenyewe kubaki mahandakini.

Na wale waliokataa kuapa upya? Wengi wa divisheni ya Pennsylvania Reserves walitakiwa kuondoka Mei 31, 1864. Mei 30 walipelekwa mbele, Bethesda Church, wakapigana na wakafa watu waliokuwa na siku moja tu ya utumishi. Kesho yake waliobaki waliagana na wenzao walioapa upya, wakapanda kwenda nyumbani. Nani atawadai kitu zaidi?

Waliobaki walifika Appomattox Aprili 9, 1865, ambako Jenerali Lee, mkuu wa jeshi la Kusini, alisalimu amri. Mizinga ya Muungano ilipoanza kupigwa kwa furaha, Grant aliamuru ikome. Jeshi la Lee lilikuwa na njaa, na rasmi ziliahidiwa posho za chakula 25,000, lakini wakongwe hawakuzisubiri. Walifungua mifuko yao, wakatoa zile biskuti ngumu za ngano ambazo kwa miaka minne walizilaani kwa kuwa na wadudu, wakazigawa nusu kwa nusu kwa watu waliokuwa wakiwapiga risasi asubuhi ile, kisha wakateleka kahawa.

Mimi jeshi la magharibi, la Sherman, silijui kwa kina kama hili la Potomac, na huko walioapa upya walikuwa wengi zaidi. Mwenye ujuzi nalo naomba aendeleze kutoka hapa.